"Merry Christmas", "Xmas" na "Happy Holidays": salamu hizi za Kiingereza zilitoka wapi hasa? (Uzi mrefu)

Mwalimu wa Zamu

Wakuu, habari za muda huu.

Kila Desemba kuna ujumbe unaozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp. Unasema usiandike "Xmas", maana umemfuta Kristo ukaweka X. Halafu unaongeza kwamba "Happy Holidays" ni salamu ya wasiomjua Mungu, imebuniwa juzi juzi huko Marekani ili kuizika Krismasi. Watu wenye shahada zao wanausambaza, walimu wa kwaya wanausambaza. Mimi nafundisha Kiingereza sekondari na jambo hili linaniuma, kwa sababu ukweli wenyewe ni mtamu kuliko huo uzushi. Naomba mnivumilie niuweke hapa kwa kirefu.

Msimamo wangu nautoa mapema: zile salamu tunazoambiwa ni mpya na hazina dini ndizo zilizotoka moja kwa moja kanisani. Na ile tunayodhani imekuwepo hivyo hivyo tangu enzi na enzi, "Merry Christmas and a Happy New Year", imekaa hivyo kwa sababu ya posta na biashara ya kadi.

Tuanze na "Merry Christmas".

Desemba 1534. Askofu John Fisher wa Rochester yuko kifungoni katika Mnara wa London. Amekataa kula kiapo ambacho Mfalme Henry wa Nane amewataka watu wote wale, baada ya mfalme huyo kumwacha mkewe Catherine na kumwoa Anne Boleyn. Tarehe 22 mwezi huo Fisher anamwandikia barua Thomas Cromwell, waziri wa mfalme, mtu ambaye maisha yake yamo mikononi mwake.

Barua ile haina shamrashamra yoyote. Mzee anamweleza Cromwell kwamba hana shati wala shuka, na nguo alizonazo zimeraruka kiasi cha kutia aibu. Hilo angelivumilia, anasema, kama zingemtia joto mwilini. Lakini chakula nacho ni kidogo, na kwa umri wake tumbo linapokea vyakula vichache tu. Akivikosa anadhoofika mara moja na kushikwa na kikohozi. Kisha anaomba mambo mawili: aruhusiwe padri wa kumwungamisha kabla ya sikukuu, na aazimwe vitabu vya kumsaidia kusali katika hizo "holy days". Ndipo anamalizia kwa kumtakia Cromwell kwamba Bwana ampe "a mery Christmas, and a comfortable", Krismasi ya raha na faraja kama moyo wake upendavyo.

Hiyo ni mojawapo ya barua za mwanzo kabisa zinazojulikana kuwa na salamu hii. Juni 22, 1535 Fisher alikatwa kichwa. Papa Pius wa 11 alimtangaza mtakatifu mwaka 1935, pamoja na Thomas More.

Sasa rudini kwenye hiyo barua muitazame tena. Mtu anayetetemeka kwa baridi, asiye na shati, hawezi kuwa anamtakia mwenzake vigelegele na mvinyo. Neno "merry" wakati huo lilikuwa na uzito mwingine: utulivu, raha, hali njema. Watu waliagana kwa kusema "rest you merry", yaani Mungu akuweke katika raha. Shakespeare amelitia kinywani mwa mtumishi katika Romeo and Juliet, anaagana tu na mtu njiani. Ile maana ya kuchangamka kwa pombe ilikuja kulifunika neno baadaye.

Pia muone kwamba "Christmas" na "holy days" zimo katika barua moja, kwa mkono wa mtu mmoja, tena mtu aliyekuwa tayari kufa kwa ajili ya imani yake. Hilo nitalirudia chini.

Baada ya Fisher watu waliendelea kutakiana hivyo kwa mdomo na kwa barua, kila mtu na namna yake. Kilichoifanya iwe fomula ni mwaka 1843, na hapa ndipo panaponivutia zaidi.

Kabla ya 1840 kutuma barua Uingereza ilikuwa ghali. Bei ilipanda kwa umbali na kwa idadi ya karatasi, na mara nyingi aliyelipa ni mpokeaji. Januari 1840 wakaweka bei moja nchi nzima: peni moja, umbali wowote ndani ya nchi, na mtumaji ndiye anayelipa. Mei mwaka huo ikatoka stempu ya kwanza ya kubandika. Mmoja wa watu walioipigania posta hiyo ya peni alikuwa mtumishi wa serikali aitwaye Henry Cole, ambaye baadaye aliongoza jumba la makumbusho la South Kensington, ambalo leo ni Victoria and Albert.

Posta ikiwa rahisi, barua zinamiminika. Na desturi yao ilikuwa kwamba barua ya sikukuu lazima ijibiwe. Mwaka huo wa 1843 Cole akaona hawezi kumwandikia kila mtu, akamwomba mchoraji John Callcott Horsley amtengenezee kadi moja ya kuchapwa. Zilichapwa kama 1,000, zikapakwa rangi kwa mkono, na alizobaki nazo zikauzwa shilingi moja moja. Shilingi ya Kiingereza ilikuwa peni 12, kwa hiyo kadi moja ilikuwa na bei ya kutuma barua 12. Haikuwa kitu cha mtu wa kipato cha chini.

Mkiitafuta picha yake mtaiona imegawanyika mara tatu. Pembeni upande mmoja maskini wanapewa chakula, upande wa pili wanavishwa nguo. Katikati familia imekaa mezani, bilauri juu, na mtoto mdogo ananyweshwa mvinyo na mtu mzima. Wapinga pombe walikasirika sana kwa ajili ya huyo mtoto. Juu pameachwa nafasi ya kuandika jina la anayetumiwa, na maneno ni haya: "A Merry Christmas and a Happy New Year to You".

Ndiyo hiyo. "Merry" kwa Krismasi, "Happy" kwa mwaka mpya, mgawanyo ule ule tunaoufuata leo tukiandika Kiingereza.

Na mwaka huo huo wa kadi, Desemba 19, 1843, Charles Dickens akatoa A Christmas Carol. Nakala 6,000 za mwanzo ziliisha kabla ya Krismasi. Mle ndani bahili Scrooge anasema kila mpumbavu anayezunguka na "Merry Christmas" mdomoni angepaswa kuchemshwa pamoja na pudingi yake. Msomaji akimchukia Scrooge anaipenda salamu. Kadi ikaipa salamu umbo, kitabu kikaipa mapenzi ya watu, na mwaka 1870 posta iliposhusha bei ya kadi hadi nusu peni, hata fundi wa kiwandani akaweza kuituma.

Naweka nukta hapa kwanza. Karibuni.

Binti Tanga

Shukrani mwalimu, nimesoma yote. Swali: mbona Waingereza wenyewe wengi, hasa familia ya kifalme, husema "Happy Christmas" na si "Merry"? Nilikuwa na bosi Mwingereza, kadi zake zote ziliandikwa "Happy".

Mwalimu wa Zamu

Swali zuri, dada. Hapo ndipo pombe inapoingia. Kadiri "merry" ilivyozidi kusikika kama mtu aliyeonja kidogo, watu wa makanisa yaliyopinga ulevi na wale wa tabaka la juu wakaona "happy" ina heshima zaidi. Kumbukeni yule mtoto wa kwenye kadi ya Cole.

Ila "Happy Christmas" si mali ya Waingereza peke yao. Shairi la Kimarekani lililomfanya Baba Krismasi apande gari la kuvutwa na paa, lile lililotoka gazetini huko Troy, New York, Desemba 23, 1823, kwa asili linaishia na "Happy Christmas to all". Matoleo mengi ya baadaye Marekani yakabadilisha yakaweka "Merry". Kwa hiyo mwaka 1823 Mmarekani alikuwa anasema "Happy", na mwaka 1843 Mwingereza anachapa "Merry". Leo ukiuliza watu watakwambia kinyume chake kwa uhakika kabisa.

Kwa upande wa wafalme, aliyeianzisha hewani ni George wa Tano. Krismasi ya 1932 alizungumza kwa redio kutoka nyumba yake ya Sandringham, mara ya kwanza kwa mfalme wa Uingereza kutoa salamu za Krismasi kwa njia hiyo. Hotuba aliandikiwa na Rudyard Kipling, na mwishoni anamtakia kila mmoja "a happy Christmas". Matangazo yale yalipelekwa hadi makoloni, na Kenya ilikuwa mojawapo ya nchi zilizoyapokea. Malkia Elizabeth naye aliendelea na hiyo "happy" karibu miaka yake yote.

Mzee wa Kijiwe

Mwalimu, kwenye Xmas hapo sikubaliani. Iwe ina historia au haina, kijana wa leo anaandika Xmas kwa uvivu. Mimi ni mzee wa kanisa, naona jina la Mwokozi linafupishwa kama jina la kampuni.

Mwalimu wa Zamu

Shikamoo mzee wangu. Nakuelewa, na heshima ya jina la Mwokozi naiunga mkono. Ila naomba Jumapili ukifika kanisani utazame kitambaa cha altare, au mgongoni mwa vazi la padri au mchungaji, hata kwenye ule mshumaa mkubwa wa Pasaka. Mara nyingi utakuta alama ya herufi X iliyopitiwa katikati na herufi kama P yenye mguu mrefu. Hizo si X na P za Kiingereza. Ni herufi mbili za mwanzo za neno Kristo kwa Kigiriki, lugha iliyoandikiwa Agano Jipya: ya kwanza huitwa khi, ya pili ro. Wakristo walizitumia tangu karne za mwanzo, na waliozitumia waliziheshimu sana.

Watawa walionakili vitabu kwa mkono, kwenye ngozi ya mnyama iliyokuwa ghali, walifupisha majina matakatifu makusudi na kuyawekea mstari juu. Ilikuwa ni alama ya utakatifu wa jina. Ndivyo ufupisho wa Krismasi kwa herufi hizo ulivyoingia katika Kiingereza, na unaonekana katika maandishi ya watawa wa Uingereza ya takriban mwaka 1100. Mshairi Coleridge ameandika "Xmas" katika barua yake ya 1799. Kijana wako wa leo pengine anaandika kwa uvivu kweli, lakini herufi aliyoishika ni ya Kristo.

Waliojaribu kweli kuiondoa salamu ya Krismasi midomoni mwa watu walikuwa Wakristo wenzetu, tena wacha Mungu sana. Wapuritani walipolishika Bunge la Uingereza, mwaka 1647 walifuta sikukuu ya Krismasi pamoja na Pasaka na Pentekoste, kwa hoja kwamba hazimo kwenye Biblia. Wenzao wa Massachusetts mwaka 1659 wakatunga sheria: ukikutwa unasherehekea Krismasi, kwa kuacha kazi au kufanya karamu, faini shilingi tano. Sheria ile ilifutwa 1681. Uskoti ndiyo kabisa: Kanisa lao liliikataa Krismasi kwa muda mrefu kiasi kwamba Desemba 25 haikuwa siku ya mapumziko ya umma hadi 1958. Ndiyo maana kwa Waskoti salamu kubwa ni ya mwaka mpya, na mpaka leo mgeni wa kwanza kuvuka kizingiti baada ya saa sita usiku anatarajiwa aje na kitu mkononi, zamani kipande cha makaa ya mawe.

Mzee wa Kijiwe

Marahaba. Hiyo alama ipo kwenye altare yetu, na miaka yote nilidhani ni ufupisho wa neno la Kilatini. Hiyo ya Massachusetts nitaipeleka kwenye jumuiya.

Mkaa Ughaibuni

Niko Marekani, jimbo la Minnesota. Kazini kwetu ni "Happy Holidays" tu, na kila mwaka kwenye televisheni kuna ugomvi eti Krismasi inapigwa vita. Nieleweshe, hii kweli si ya juzi?

Mwalimu wa Zamu

Si ya juzi, mkuu. Ugomvi ndio wa juzi. Ulipamba moto kwenye televisheni za huko kuanzia mwaka 2005 hivi. Salamu yenyewe magazeti ya Marekani yalikuwa yakiitumia tangu karne ya 19, na maana yake ilikuwa rahisi: sikukuu zinafuatana, Krismasi na mwaka mpya, basi mtu anakutakia zote kwa mkupuo. Mwaka 1942 ikaimbwa kwenye filamu ya Holiday Inn, kwa wimbo wa Irving Berlin. Filamu hiyo hiyo ndiyo iliyoleta White Christmas, na hakuna aliyeona kwamba mmoja unaupiga vita mwingine.

Halafu neno lenyewe. "Holiday" ni "holy day" iliyogandana, siku takatifu. Kiingereza cha kale kiliandika hāligdæg. Ndiyo zile "holy days" ambazo Fisher aliomba vitabu vya kuzisalia. Mtu anayesema "Happy Holidays" ametamka utakatifu hata kama hajui.

Kuna nyingine inayopachikwa lawama hiyo hiyo, "Season's Greetings". Hiyo ilienea kwenye kadi karne ya 19 kama ufupisho wa "Compliments of the Season", salamu ya kiungwana ambayo tayari ilikuwa ya zamani. Kwenye hadithi moja ya Sherlock Holmes iliyotoka Januari 1892, Dk. Watson anamtembelea rafiki yake siku ya pili baada ya Krismasi kwa lengo la kumpa hizo "compliments of the season". Maofisini kwetu bado unaikuta kwenye barua za Desemba. Rais Eisenhower aliitumia "Season's Greetings" kwenye kadi ya Ikulu ya mwaka 1955, na hakuna aliyemwita mpinga Kristo.

Sisi wa Kiswahili tumezoea "sikukuu njema". Unampa Mkristo Desemba, unampa Mwislamu siku ya Idi, hakuna anayeona umemnyang'anya kitu.

Mkaa Ughaibuni

Ahsante. Niongeze moja ambayo huenda wengi hapa hawaijui: huku mwisho wa Desemba unaweza kusalimiwa kwa Kiswahili na Mmarekani Mweusi asiyejua Kiswahili. Anakuuliza "Habari gani?" Mimi mara ya kwanza nikajibu "Nzuri", akabaki ananitazama.

Mwalimu wa Zamu

Umenifurahisha sana, hii nilikuwa naisubiri mtu aitaje. Hiyo ni Kwanzaa. Ilianzishwa mwaka 1966 huko California na Maulana Karenga, mwaka mmoja baada ya ghasia za mtaa wa Watts, Los Angeles, ili Wamarekani Weusi wawe na sikukuu ya kwao. Inaanza Desemba 26 hadi Januari 1. Jina limetolewa kwenye "matunda ya kwanza", likaongezwa a moja mwishoni, likawa na herufi saba kama siku zake saba.

Na sababu ya yule mtu kukutazama ni kwamba kwenye Kwanzaa "Habari gani?" ina jibu lake maalumu kila siku. Siku ya kwanza unajibu "Umoja". Ya pili "Kujichagulia". Zinafuata Ujima, Ujamaa, Nia, Kuumba, na ya mwisho Imani. Ukijibu "Nzuri" kwake hujajibu. Sisi tunaulizana habari kutwa nzima bila kufikiri. Wenzetu wameifanya swali linalotaka mtu aitaje nguzo ya siku hiyo. Neno Ujamaa, kwa tuliokulia Tanzania, linakuja na historia yake nzima. Mwaka 1997 posta ya Marekani ilitoa stempu ya Kwanzaa. Kwa hiyo kwenye orodha ya salamu za sikukuu za Wamarekani, Kiswahili nacho kina kiti.

Hata ya kale kuliko zote kwa Waingereza ilikuwa na jibu. "Wæs hæl", uwe mzima, anasema mwenye kikombe. Na mwenzake anaitikia "drinc hæl", kunywa uwe mzima. Mwandishi Geoffrey wa Monmouth, karne ya 12, anasimulia kama hekaya jinsi binti Rowena alivyomwendea Mfalme Vortigern na kikombe cha dhahabu akamsalimu hivyo, na mfalme ikabidi aulize mkalimani aitikie nini. Leo imebaki kama neno moja, "wassail".

Binti Tanga

Mwalimu samahani, la mwisho. Nimesoma mahali kwamba zamani mwaka mpya wa Waingereza ulikuwa Machi. Sasa "Happy New Year" walikuwa wanasema lini?

Mwalimu wa Zamu

Kisheria ulianza Machi 25, sikukuu ya Mariamu kupashwa habari na malaika. Lakini watu wa kawaida waliendelea kupeana zawadi na kutakiana mema Januari 1, kama Warumi walivyofanya. Kwa hiyo salamu ilikuwa Januari, na hesabu ya mwaka kwenye hati za serikali ilibadilika Machi. Uskoti walihamia Januari 1 mwaka 1600. Uingereza walisubiri hadi 1752, na mwaka huo huo wakarekebisha kalenda nzima: watu walilala Jumatano Septemba 2, wakaamka Alhamisi Septemba 14.

Siku hizo 11 zilizorukwa zipo mahali ambapo hazijasahaulika. Kijiji cha Carhampton, wilaya ya Somerset, bado wanafanya "wassail" yao Januari 17, kwa kufuata usiku wa mwisho wa sikukuu za Krismasi kwa kalenda ya zamani. Wanakwenda bustanini kwenye mti wa tufaha, wanaumwagia pombe ya tufaha kwenye mizizi, wanaweka vipande vya mkate uliochovywa humo kwenye matawi, na wanapiga bunduki hewani kufukuza pepo wabaya. Kisha wanauimbia mti wenyewe na kuutakia afya, ili uzae vizuri msimu unaokuja.